Mkono wa Mkwe

Kule Gesima, ukitaka kumwona Nyakerario akihangaika, mkaribishe chai katika kikombe chako. Atakushukuru vizuri, atauliza habari za watoto, kisha atafungua mkoba na kutoa kikombe chake mwenyewe, cha bati jeupe lenye ukingo wa samawati, kimefungwa ndani ya kitambaa kilichopigwa pasi. Kanisani wameshazoea. Wanawake wakimiminiana uji baada ya usafi wa kanisa, mmoja wao lazima aseme, "Ngojeni kwanza kikombe cha Nyakerario kitoke," naye hukitoa bila haya yoyote. Wapo waliomchukia kwa hilo, hasa kwenye matanga, maana mtu kuja kulia nawe halafu akatae kula chako si jambo dogo. Walisema anaringa. Haringi hata kidogo. Ana kinyaa tu, na kinyaa hicho alizaliwa nacho, kama wengine wanavyozaliwa na sauti ya kuimba.

Alipokuwa msichana, siku ya kuchinja alijipa kazi ya kwenda mtoni, na akifika huko alikaa mpaka ajue kwamba nyama imeshaingia chunguni. Matumbo hajawahi kuyatia kinywani. Akimwona mtu anapenga kamasi kwa vidole kisha anajipangusa kwenye mgomba, mgomba ule kwake umekufa, ndizi zake atawaachia wengine. Hata mumewe, Zachariah Masese, alimpata kwa kucha. Msimu ule waliokuja kumposa walikuwa wawili. Mmoja alitoka kwa watu wenye ng'ombe, ila ukucha wa kidole gumba chake ulikuwa na ukoko mweusi ambao Nyakerario aliuona tangu mlangoni. Wa pili alikuwa Zachariah, mtu wa maneno machache, ambaye kabla ya kugusa ugali aliomba sabuni. Shangazi zake walimcheka, wakamwuliza kama anaolewa na mtu au na sabuni. Akawaambia anaolewa na vyote viwili. Wamechuma chai pamoja tangu wakati huo na hajawahi kujuta.

Basi binti yao Bosibori, mwalimu wa shule ya msingi pale Kiogoro, alipokuja nyumbani kusema amepata mtu, mama yake aliuliza swali moja tu: anafanya kazi gani. Bosibori akajibu kwamba Gibson Onsongo yuko Kisii mjini, kwenye chuo kimoja cha mambo ya afya, upande wa maabara. Nyakerario alifurahi mno. Maabara kwake ilikuwa koti jeupe, glavu na spiriti. Na kijana alipokuja Gesima, mtoto wa watu wa Nyansiongo, mrefu, mpole, alimtazama mikono kabla ya uso. Kucha fupi. Nyeupe. Alipoletewa maji alinawa hadi kwenye viwiko. Nyakerario alimpa mkono wakati wa kuingia na wakati wa kutoka, na alipokuja mara ya pili akafanya vivyo hivyo, na usiku ule alimwambia mumewe kwamba mtoto wao ameona mbali.

Aliyeharibu mambo ni wifi yake, Celestine, dada yake Zachariah, mwanamke ambaye habari ikilala kwake bila kusemwa huamka na homa.

"Kwani hukujua?" Celestine alimwuliza, wakiwa shambani na vikapu mgongoni. "Huyo kijana ndiye anayewatia dawa maiti pale chuoni. Anawapasua. Anawatoa hiki na kile anaweka kwa chupa, wanafunzi wasome. Si nimeambiwa na mtu anafagia huko."

Nyakerario aliacha kuchuma. Alichokumbuka si maiti. Alikumbuka ugali. Gibson alikuwa ameketi karibu na sahani ya ugali, akaumega, akampitishia kipande kwa mkono wake, naye akakila na kusifu. Alirudi nyumbani kabla ya wenzake. Sahani aliyolia kijana aliisugua kwa jivu, akaichemsha, akaishika juani akaitazama, kisha akaifanya ya kuku. Kiti alichokalia akakitoa nje. Na kila alipofumba macho usiku aliona vidole vile vyeupe vikiingia mahali penye giza na majimaji, vikitoka, vikimega ugali.

Sasa wazee wa kina Onsongo walikuwa wameshatuma neno kwamba baada ya wiki mbili, siku ya Jumapili, watakuja kuketi na wazee wa Gesima waongee habari ya Bosibori. Zachariah alimweleza mkewe waziwazi.

"Mimi sina neno na huyo kijana," alisema. "Lakini siwezi kupokea watu mlangoni kwangu kama mama wa msichana hataki. Uniambie ndiyo ama la kabla wafike. Ukisema la, nitawapigia simu wasijisumbue."

Bosibori naye hakulia wala hakutisha. Alimwambia mama yake, huku akikunja nguo, "Ukikataa sitatoroka naye, Mama. Nitakaa tu." Maneno hayo yalimchoma Nyakerario kuliko matusi. Angesema atatoroka, angekuwa na la kumkasirikia. Lakini alimjua binti yake, akisema atakaa, atakaa, atazeekea Kiogoro akisahihisha madaftari ya watoto wa watu. Nyakerario aliupekua moyo wake wote apate sababu ya maana ya kumkataa Gibson, akakuta hana. Kijana hana kosa. Ni mikono tu. Na mikono hiyo hakuweza kuifikiria bila mate kujaa kinywani, yale mate membamba ya chumvi yanayokuja kabla ya kutapika.

Ni Gibson mwenyewe aliyeleta wazo. Chuo kilikuwa kinafungua jumba lake la anatomia, lile lenye mifupa na viungo vya kufundishia, familia ziingie bure Jumapili ya kabla ya ile ya wazee, zione na zishike. Alimtuma Bosibori na ujumbe: mama aje aone kazi yangu kwa macho yake, halafu anikatae akiwa ameona. Nyakerario alikubali kwa sababu moja tu. Hakutaka baadaye isemwe kwamba alimfungia kijana wa watu mlango kwa maneno ya Celestine.

Waliingia wanne: yeye, Zachariah, Bosibori, na Celestine, ambaye hakuna aliyemwalika.

Cha kwanza kilikuwa harufu. Ilimpokea kwenye ngazi, kali, ya dawa, ikapita puani ikaenda kukaa nyuma ya ulimi. Chini ya hiyo palikuwa na harufu nyingine, tamutamu, ambayo hakutaka kuijua ni ya nini. Alijifunga leso puani. Nje tu ya mlango, kwenye hema, mtu alikuwa akikaanga soseji, na watu walizila huku wakiingia. Mbele yake baba mmoja alilamba sosi kwenye vidole vyake vyote, kimoja baada ya kingine, kisha akaweka kiganja hicho kwenye mlango wa kioo. Alama yake ilibaki pale, ya mafuta. Nyakerario aliusukuma mlango kwa kiwiko.

Ndani kulikuwa na watoto kama siku ya soko. Wamechorwa nyuso, wamebeba baluni, na kelele yao ilikuwa ya furaha tupu, jambo ambalo lilimchefua zaidi. Kwenye rafu za ukutani zilipangwa chupa zenye maji ya rangi ya mkojo wa asubuhi. Katika moja palikuwa na sikio. Sikio zima, la mtu, limevimba kwa maji, lina vinywele, na chini yake tundu la hereni. Alijikuta anawaza ni nani alimtoboa, na kama alilia. Katika nyingine palijaa minyoo iliyosokotana kama tambi zilizobaki sufuriani, na kibandiko kikaeleza kwamba yote ilitoka ndani ya mtoto mmoja. Pafu la mvutaji wa sigara lilikuwa jeusi, na pale lilipokatwa liling'aa. Nyakerario alisogea mbali na rafu, mkoba ameukumbatia kifuani.

Katikati ya ukumbi ndipo palipokuwa na meza za kugusa. Kwenye meza ya kwanza msichana wa chuo aliwapa watoto utumbo wa ng'ombe waunyooshe waone urefu wake. Walishika huku na kule, wakauvuta ukumbi mzima, ukilegea ukigusa sakafu, ukiinuliwa tena na vumbi lake, na kila ulipopita mkononi ulitoa sauti ndogo ya kitu kilicholowa. Pale pengine palikuwa na sanduku lenye tundu: unaingiza mkono bila kuona, unabahatisha umeshika nini. Celestine aliingiza mkono mpaka kwenye bega. Glavu alizikataa, akasema zinambana.

"Ni ini," alitangaza. "Hapana, ngoja. Lina jicho."

Lilikuwa jicho kweli, la ng'ombe. Alilitoa akalibonyeza, akacheka, akajipangusa kwenye sketi, akaenda nje kujinunulia soseji. Zachariah alikuwa amesimama mbele ya fuvu lenye kishimo cha duara juu ya paji, limeandikwa kwamba lilifunguliwa na waganga wa zamani wa Kigusii na mwenyewe akapona. Alilitazama kwa muda mrefu.

"Kumbe," alisema.

Mtoto wa kike, simjui wa nani, alimvuta Nyakerario sketi. "Magokoro, shika," akamwambia, maana kwao bibi yeyote ni magokoro. Kiganjani alikuwa na figo ya kondoo, imechuruzika hadi kwenye mkono wa sweta. Nyakerario alimwambia asante, mwanangu, weka pale. Mtoto alidhani hajaona vizuri, akaiinua karibu na uso wake. Tone likadondoka kwenye kiatu.

Alikuwa ameinama anasugua kiatu hicho kwa tishu aliposikia Bosibori anasema, "Mama, Gibson huyu."

Alikuja kutoka meza ya mwisho, koti jeupe, uso umefunguka kwa furaha ambayo hata mtu mwenye roho ngumu angeiona. Alikuwa anavua glavu huku anatembea. Ilitoka ya kulia, ikatoka ya kushoto, akazitupa kwenye pipa, na kabla hajafikiria lolote akanyoosha mkono amsalimie, kama alivyofanya mara mbili kule Gesima.

Nyakerario aliutazama mkono ule. Ulikuwa umelowa kwa joto la glavu, vidole vimekunjamana kwenye ncha kama vya mwanamke aliyefua kutwa, na hata kupitia leso aliisikia ile harufu tamutamu ikitoka kwavyo. Nyuma ya Gibson wenzake wa kazini walikuwa wamegeuka kutazama. Celestine alikuwa mlangoni na soseji yake. Bosibori alikuwa ametazama chini, mikono ameifumbata, na shingoni mshipa wake ulikuwa unapiga. Mkono ukangoja hewani. Kumnyima mtu mkono mbele ya watu, Kisii hii, ni kumvua nguo. Kuushika hakuweza. Mwili wake wote ulikuwa umekataa, na mate ya chumvi yalikuwa yameshaanza kuja. Akatafuta neno lolote la kumwokoa, mdomo ukaokota la karibu.

"Hapana, mwanangu," alisema, sauti ya adabu kabisa. "Mkwe hampi mama mkwe mkono. Ni chinsoni."

Sasa, aliyesema uongo hapo hayupo. Chinsoni ndiyo ile haya ya heshima ambayo Wagusii huiweka kati ya mzazi na mtoto, na hakuna inapobana kama kati ya mama na mume wa binti yake. Hawashikani mikono, hawaketi kochi moja, na neno la mwilini halipiti kati yao mpaka mmoja azikwe. Ni sheria nzuri, ya kale, na Nyakerario aliitaja sawasawa. Ila inamhusu mkwe. Mgeni mnapeana naye mkono mpaka mchoke, ndiyo maana Gesima alimpa. Kwa hiyo mwanamke huyu, aliyekuja Kisii akiwa na wiki nzima ya kufikiria kama atasema ndiyo au la, alikuwa amesema ndiyo mbele ya ukumbi mzima, kwa kukimbia majimaji ya kiganja.

Alikuwa wa mwisho kulijua. Gibson alirudisha mkono kifuani taratibu, macho yamemtoka. Bosibori aliinua uso.

"Amesemaje?" Celestine aliuliza kutoka mlangoni, ingawa alikuwa amesikia. "Amemwita mkwe. Nyinyi wote mmesikia. Nyakerario amemwita mkwe." Akapiga kigelegele, mdomo una soseji.

"Kumbe," akasema Zachariah, na hii ilikuwa kumbe nyingine.

Nyakerario alishikwa na hasira ambayo hakuwa na pa kuipeleka. Angesema nini? Kwamba hakumaanisha mkwe, alimaanisha tu kwamba mkono wako unanitia kichefuchefu? Bosibori alikuwa akilia kwa namna ambayo mama yake hakuwa amemwona akilia tangu apate barua ya ualimu. Watu wasiomjua walimpongeza. Alikuwa amejifunga mwenyewe, kwa kamba yake mwenyewe, na fundo lilikuwa zuri. Aliamua kwamba wakifika nyumbani atamwambia Zachariah ukweli, apige ile simu, potelea mbali aibu. Wakati huo kilichobaki ni kutoka nje apate hewa.

Lakini Celestine alikuwa amemshika mkono. "Si mkwe atuonyeshe kazi yake? Tumetoka Gesima kuona figo?"

Gibson aliwapeleka meza yake. Hapo watoto walisimama nyuma ya kamba. Juu ya sinia la chuma palikuwa na kitambaa cheupe, safi, kimenyooshwa pembe zote. Alikikunja mpaka nusu. Chini yake palikuwa na mkono wa mtu, kuanzia kwenye kiwiko. Ngozi ilikuwa imetolewa, nyama imekaa rangi ya chai iliyopoa, imetenganishwa nyuzinyuzi, na kati yake kano nyeupe zikaenda kila moja kwenye kidole chake. Kiganja tu ndicho kilichoachwa na ngozi.

"Huyu ni mzee wetu," Gibson aliwaambia watu, kwa sauti ya kawaida ya mtu anayemtambulisha jirani. "Hatukuambiwa jina lake. Alikaa mochari muda mrefu, hakuna mtu alikuja kumchukua, ndiyo akaletwa hapa. Alifika na kucha refu sana, nikamkata. Sasa ametufundishia wanafunzi wengi. Anakaa nasi vizuri."

Ukumbini kuna waliosonya kwa huzuni, maana hapa kwetu mtu kukosa wa kumpeleka nyumbani ni msiba kuliko kufa. Nyakerario hakusonya. Alikuwa ametazama kucha. Zilikuwa fupi, zimekatwa kwa duara, safi hata kwenye pembe. Zilikuwa kama za Gibson. Alipotambua hivyo aliibana leso puani kwa vidole viwili.

"Angalieni vile tunakunja kidole," Gibson alisema. Alichukua koleo dogo, akashika kano moja kule karibu na kiwiko, akaivuta.

Kidole cha shahada cha yule mzee kikajikunja, polepole, kikamwita.

Watoto walishangilia. Nyakerario aliweza kusikia kelele yao ikienda mbali. Aliivuta leso chini apumue, na hilo ndilo lilikuwa kosa, maana harufu yote iliyokuwa ikingoja nje iliingia kwa pamoja. Alifungua mdomo aseme "Zachariah," kikatoka kifungua kinywa.

Hakuna aliyewahi kuona mtu akiruka kamba vile. Koleo lilianguka sakafuni, na Gibson alikuwa mbele yake, viganja vyote viwili ameviunganisha chini ya kidevu chake, havina glavu, havina kitu. Vilijaa. Chai na viazi vitamu, vipande bado vinajulikana ni viazi, na uvuguvugu wake, na ute. Ulipita kati ya vidole vyake ukaingia kwenye mikono ya koti. Watu walirudi nyuma kwa kishindo. Celestine, yule wa kubonyeza jicho, aliziba pua na kugeukia ukuta. Mama mmoja alimvuta mtoto wake akisema, "Uchafu gani huu." Bosibori alipekua mkoba akitafuta tishu, asizione, na Zachariah alisimama tu, kofia mkononi.

"Pole, Mama," Gibson alisema. "Kama kuna kingine toa tu. Usikimeze."

Kilikuwapo. Akakitoa, mikononi mwa kijana, mara ya pili. Machozi yalikuwa yakimtoka kwa nguvu ya kutapika, lakini kupitia hayo aliuona uso wa Gibson kwa karibu kuliko ambavyo mama mkwe yeyote angepaswa kuuona. Alikuwa akiutafuta mkunjo. Anaujua mkunjo huo, ule wa kando ya pua, ndiye bingwa wake hapa duniani, amewakunjia watu wa kata nzima tangu utotoni. Haukuwapo. Kijana alikuwa akitazama kama nguo ya mama imechafuka, akaona iko sawa, akaridhika. Nyakerario alitazama kile kilichokuwa viganjani mwa kijana akachukia, na aliyemchukia safari hii ni yeye mwenyewe. Maisha yake yote hakuwa amewahi kusimama upande huu wa kinyaa.

Walitoka kwa mlango wa nyuma. Gibson alitangulia, viganja mbele, akitembea kwa uangalifu kama aliyebeba maziwa, akamwaga vilivyokuwamo kwenye shimo la taka. Akaenda kwenye bomba, akalifungua kwa kiwiko. Bomba lilikohoa, likatoa tone moja la kutu, likanyamaza. Maji ya mji yalikuwa yamekatika. Chini ya ukuta palikuwa na mtungi wa plastiki, umejaa, na ndoo kando, lakini cha kuchotea hakikuwapo. Akasimama hapo na mikono yake imening'inia, inadondoka, na kwa mara ya kwanza siku ile alionekana ameogopa.

"Mama, naomba unisamehe," alisema. "Umesema chinsoni mbele ya watu, na mimi nikakushika kidevu. Sikufikiria. Kama kuna kitu inatakiwa nitoe, ya kusafisha hiyo makosa, nitaambia wazee wetu wakuje nayo."

Bosibori alikuwa amefika, na tishu zake zilizochelewa. Hakuthubutu kusogea. Zachariah alikuja nyuma yake, na nyuma yao wote Celestine, pua bado imezibwa, hataki kukosa neno.

Nyakerario alimimina maji ya mtungi kwenye ndoo. Alifungua mkoba, akatoa kile kitambaa kilichopigwa pasi, akakifungua, akatoa kikombe cha bati. Alichota, akasukutua, akatema. Akachota tena, akamsogelea kijana, akamimina maji juu ya mikono yake.

"Wifi," Celestine alisema, akasahau pua. "Hicho si kikombe chako?"

Maji yalishuka na viazi. Alichota mara nyingi, kikombe kikigusana na vidole, na haikutosha, maana ute ulikuwa umeshika kati ya vidole. Basi akaweka kikombe chini kwenye saruji tupu, akatoa kwenye mkoba kipande cha sabuni ambacho hatembei bila kuwa nacho, akaushika mkono wa kulia wa Gibson kwa mikono yake miwili. Ulikuwa na joto. Ulinuka dawa, ulinuka ule utamu, na juu yake ulinuka tumbo lake mwenyewe. Kichefuchefu hakikuwa kimeondoka popote, kilikuwa palepale kooni, kimekaa. Alisugua kiganja, akasugua kati ya kila kidole na mwenzake, akaingiza ukucha wake chini ya kucha za kijana, moja moja, kama alivyokuwa akiwafanyia watoto wake kabla ya Sabato.

Gibson alijaribu kuurudisha mkono. "Mama, chinsoni."

"Nani amekwambia wewe ni mkwe?" Nyakerario alimwuliza, bila kuinua kichwa. "Mkwe utakuwa Jumapili ijayo, wazee wakishakaa na kumaliza. Kuanzia siku hiyo sitakushika mkono tena mpaka niingie kaburini. Lete huo mwingine."

Akauleta, nao ulinuka vilevile.